TVM ya Msumbiji iko hapo ng'ambo ya Ruvuma, kwa nini sisi wa Mtwara haitushikii?

#1 Kilambo Juu

Wakuu salaam. Watu wa kusini hamjambo?

Mama yangu kazaliwa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, akaolewa huku Mtwara miaka ya sabini. Wadogo zake wawili wamebaki kule. Kwa hiyo kwetu sisi Msumbiji hatuiiti nchi ya nje, tunaiita ujombani.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikavamiwa. Simu zikakatika. Siku nne mama alikaa mkekani sebuleni na simu mbili mbele yake, yake na yangu, akichoka kupiga kwa hii anahamia ile, na zote mbili zinamjibu maneno yaleyale ya yule dada wa mtandao. Taarifa ya habari ya saa mbili tunaisubiri kama watu wanaongoja mwandamo wa mwezi. Ikifika, Palma inasomwa kwa muda wa mtu kumeza mate, tunahamia kwenye bei ya mahindi. Iliyobaki ni WhatsApp, na huko ndiko balaa lilikokuwa. Tuliletewa video ya maghala yanaungua, mama akaangua kilio, kumbe ni tukio la nchi nyingine kabisa, la miaka ya nyuma.

Usiku wa tatu akaniuliza, "Hivi hawa Wamsumbiji hawana televisheni?"

Nikamwambia wanayo, mama.

"Sasa mbona haishiki?"

Nikakosa jibu. Televisheni yetu inashika mpira wa Uingereza, tamthilia za Kituruki na mahubiri ya Nigeria. Palma, kilomita sitini na kitu kutoka hapa, haishiki. Mjomba mdogo alitokea siku ya tano upande wetu wa mto, miguu imevimba kama mihogo, na yeye ndiye akawa taarifa ya habari yetu.

Na msidhani ni habari ya vita tu. Aprili 2019 mnakumbuka kimbunga Kenneth. Shule zilifungwa, ofisi zilifungwa, tukaambiwa kila mtu arudi nyumbani au aende sehemu imara. Tumejifungia ndani hatujui kitu kiko wapi. Tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, mkoa ilipo Palma, kisiwa cha Ibo kikaumia vibaya, sisi tukapata upepo na mvua tukafungua milango. Kamera zilizokuwa karibu na kile kimbunga zilikuwa za wenzetu wa kule. Sisi tulikuwa tunaangalia studio ya Dar es Salaam.

Hoja yangu ni hii: chaneli kwa chaneli. Wao watupe TVM ipatikane bure kwenye wilaya zetu za mpakani, Mtwara Vijijini, Tandahimba, Newala mpaka Nanyumbu. Sisi tuwape TBC1 ipatikane bure Palma, Nangade na Mueda. Sidai mpira wala sinema. Nadai chaneli moja ya taifa kila upande.

Nawasilisha. Wataalamu njooni mniambie kinachoshindikana ni kipi.

#2 Chikongola Boy

Niko siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Mzalendo Halisi

Mleta mada pole kwa yaliyomkuta mama. Ila tuseme ukweli, Kireno nani anakijua Mtwara? Utaweka TVM, utaangalia mtu anafungua na kufunga mdomo. Chaneli zetu wenyewe hazifiki vijijini vizuri, wewe unataka za jirani. Tumalize ya kwetu kwanza.

#4 Bi Mkubwa wa Shangani

Mzalendo, mwanangu, Kituruki ulikijua lini?

Utaniambia zile zimetiwa sauti ya Kiswahili. Sawa. Kabla hazijatiwa tulikuwa tunaangalia za Kifilipino kwa maandishi ya Kiingereza, na nusu ya waliokuwa wanalia pale sebuleni kwangu walikuwa hawajui kusoma hayo maandishi. Ramani ya kimbunga haina Kireno. Jina la kijiji chako likiandikwa chini ya kioo utalijua tu.

Halafu nani kasema hakuna wanaokijua? Nenda sokoni uwasikilize wale kinamama wa kanga, wanahesabu hela za Wamsumbiji kwa Kireno chao cha biashara, na mteja haondoki.

#5 Fundi Ungo

Wakuu, mimi ni fundi madishi, niko Mtwara mjini mwaka wa kumi na mbili huu. Swali la mama yake mleta mada naulizwa dukani kila wiki, hasa na watu wa Tandahimba na Nanyamba. Mteja anakuja na king'amuzi chake ubavuni, amekifunga kwenye kanga, anasema "fundi nitafutie ya Msumbiji". Namwambia keti kwanza.

Elewa kitu kimoja. King'amuzi ulichouziwa na kampuni ni kufuli lenye ufunguo mmoja. Ukikiambia kitafute chaneli, kinatafuta za mwenye kampuni tu. Mawimbi ya jirani yanaweza kuwa yanapita juu ya bati lako na boksi likayapita kama haliyaoni, siyo kwa ubovu, ndivyo lilivyoagizwa. Watu wengi wanahukumu kuwa "haishiki" kumbe hawajawahi kutafuta kwa kifaa kinachoruhusiwa kutafuta.

Kifaa chenyewe ni televisheni ya kisasa yenye kipokeo cha T2, yaani cha matangazo ya dijitali ya minarani, ndani yake. Geuza televisheni uangalie kibandiko cha nyuma, kama imeandikwa DVB-T2 umeshapona nusu. Chomeka antena ya nje moja kwa moja kwenye televisheni, king'amuzi weka pembeni, ingia kwenye menyu utafute kwa mkono, namba moja moja ya masafa, kuanzia 21 mpaka 48. Ukitafuta kwa kasi, yaani ile ya kubonyeza mara moja, inaruka vituo hafifu.

Wenye ndugu kule wanafanya njia nyingine: DStv ya Msumbiji ina vifurushi vya Kireno vyenye TVM, STV na Miramar ndani. Ndugu anasajili kule, kadi inavuka kwa boti, dishi linafungwa huku. Linafanya kazi, kwa sababu satelaiti haijui mto Ruvuma. Ila ni kinyume cha masharti ya usajili, na kila mwezi lazima kuna mtu wa kukulipia kule. Mteja wangu mmoja shemeji yake aligombana na mkewe, kifurushi kikafa na ndoa.

#6 Chikongola Boy

Hahahaa kifurushi kikafa na ndoa. Fundi umeniua.

#7 Injinia Bandari

Naomba niongezee upande wa mawimbi, maana watu wengi wanadhani serikali imeweka ukuta angani.

Mawimbi ya televisheni ya ardhini yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Kuna hesabu ya mkononi: chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita ambazo mnara "unaona". Fanya hivyohivyo kwa antena yako, jumlisha. Mnara wa mita 100 unaona kilomita 41. Antena yako ya mita 10 juu ya bomba inaona 13. Jumla 54. Kutoka Mtwara mjini hadi Palma ni kilomita sitini na ushee kwa mstari wa kunguru. Kwa hiyo hata wakijenga Palma mnara wa mita 100, mtu wa Chikongola anakosa kidogo tu. Bi Mkubwa wa Shangani anaweza kubahatisha jioni za joto kali bahari ikiwa shwari, hewa ya moto inapolala juu ya hewa ya baridi, mawimbi yanapinda yakifuata maji. Utaona picha leo saa mbili, kesho hakuna, utadhani umerogwa.

Sasa njooni Newala. Pale uwanda wa Makonde uko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na ng'ambo uwanda wa Mueda nao umepanda vilevile, katikati ni bonde la Ruvuma. Umbali kama kilomita 80 hivi. Hata nikikata nikasema kila upande umeinuka mita 500 tu juu ya bonde, hesabu inanipa zaidi ya kilomita 180. Yaani Newala na Mueda zinatazamana uso kwa uso. Aliyesimama ukingoni pale Shimo la Mungu akatazama kusini, hakuna kilima cha kumzuia.

Halafu viwango. Nchi za SADC zilikubaliana mwaka 2010 kutumia DVB-T2, sisi tumo na Msumbiji imo. Televisheni inayofaa Mtwara inafaa Pemba ya Msumbiji. Kwa hiyo vyombo siyo kikwazo.

Kikwazo ni mpango. Kuna mkataba wa Geneva wa mwaka 2006, nchi za Afrika na Ulaya ziligawana masafa ya televisheni ya dijitali, na kinga ya analojia ikaisha tarehe 17 Juni 2015. Katika mpango ule kila nchi inapewa namba zake na inatakiwa ielekeze mawimbi yake kwa watu wake, yanayomwagikia kwa jirani yasimsumbue. Kwa hiyo mhandisi mzuri wa mpakani kazi yake ni kukunyima. Anainamisha antena, anapunguza nguvu upande wa mto. Anatimiza makubaliano. Makubaliano yakibadilika, mhandisi yuleyule anageuza antena ileile.

#8 Mpalma

Salaam ndugu zangu. Mimi ni wa kule, nipo Mtwara tangu 2021. Kiswahili changu kina Kimwani ndani yake, msinicheke.

Mnaongea kama nyinyi ndio mmefungiwa na sisi tunafaidi. Sisi Palma tulikuwa tunaangalia nyinyi! Nyumba yenye hela inaweka dishi la Azam. Kadi inatoka Mtwara, malipo analipa binamu aliyeko Mtwara kwa simu yake, unamrudishia kwa samaki. Mtoto wa Palma anajua wachezaji wote wa Simba na Yanga, lakini muulize timu za Moçambola, ligi yetu ya Msumbiji, akutajie mbili. Siku UD Songo walipokuja Dar 2019 wakaitoa Simba kwa sare ya moja moja, pale barazani kwetu watu walinuna. Wamsumbiji, wamenuna kwa sababu timu ya Msumbiji imepita! Aliyefunga goli lile ni Miquissone, mwaka uliofuata Simba wakamchukua, ndiyo tukapata amani ya moyo.

Ila TBC1 bure ingetufaa kwa kitu kingine. Bibi yangu Kireno hajui. TVM ikitangaza onyo kwa Kireno, anasubiri mjukuu arudi amtafsirie. Redio ya Msumbiji ya mkoa inasema Kimwani, Kimakonde na Kimakua, hiyo ndiyo anayoiamini. Televisheni ya Kiswahili angeielewa neno kwa neno. Kwa hiyo wewe mleta mada unataka TVM ya mama yako, na mimi nataka TBC ya bibi yangu. Hapo tumeelewana.

#9 Kilambo Juu

Mpalma, karibu sana ndugu yangu. Umesema jambo ambalo sikuliwaza. Niliona ni ombi letu tu.

#10 Mzee wa Nachingwea

Vijana, nimesoma yote, niruhusuni nami nichangie, macho hayana nguvu lakini kichwa bado kipo.

Mnaongea kana kwamba sauti kuvuka Ruvuma ni jambo geni. Wakati wa vita vya ukombozi FRELIMO walikuwa na kipindi chao redioni, kinarushwa kutoka Dar es Salaam, kinawafuata wenzao porini Cabo Delgado na Niassa. Hapa kwetu Nachingwea walikuwa na kambi. Wareno walichukia redio ile kuliko bunduki, maana bunduki unaweza kuiteka. Mei 1975 Samora alivuka mto akaanza safari yake kutoka kaskazini hadi Maputo, na Juni 25 wakapata uhuru. Sisi tulikuwa tunasikiliza.

Na jingine mnalisahau. Wenzetu wale walianza televisheni ya majaribio mwaka 1981. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Sisi Bara tumekuja kupata 1994! Miaka kumi na mitatu nyuma ya Msumbiji. Nilikuwa na rafiki Newala, mwalimu, marehemu sasa, alinunua televisheni nyeusi na nyeupe kwa hela ya korosho kabla Bara hatujawa na kituo hata kimoja. Watu wakamcheka, amenunua sanduku. Akapandisha antena juu ya mwembe, akaielekeza kusini. Usiku mmoja tukakamata mwanga, chenga tupu, ndani ya chenga kuna kivuli cha mtu anaongea. Sauti inakuja inapotea. Mwalimu akasema ni Msumbiji. Mimi sikubisha. Tulikaa tunaangalia kile kivuli mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

#11 Bi Mkubwa wa Shangani

Shikamoo mzee. Hiyo ya mwembe imenigusa.

#12 Mzalendo Halisi

Shikamoo mzee wangu. Naheshimu historia. Lakini wakuu, tusijifanye hatuoni. Oktoba 2020 Kitaya ilivamiwa, kijiji chetu, ndani ya mkoa wetu. Eneo lile ni la ulinzi. Leo unafungua mawimbi ya kule yaingie nyumba kwa nyumba, kesho anayerusha ni nani? Vitu vya usalama havijadiliwi kwa mihemko ya mpira.

#13 Kilambo Juu

Kitaya nina watu wangu, kwa hiyo nakujibu kwa utulivu.

Kwanza tunaongelea chaneli ya taifa ya serikali rafiki, siyo kituo cha kichakani. Pili, tulipokosa taarifa rasmi tulipata nini? Tulipata video ya kuungua maghala ya nchi nyingine. Usiku ule wa Machi pengo la habari halikubaki tupu, lilijazwa na kila mwenye simu. Mimi naona mtu wa usalama ndiye angekuwa wa kwanza kutaka mama yangu aangalie taarifa iliyosomwa na mtu mwenye jina na sura.

Mtaani kwetu kuna kijana alikuwa anasambaza sauti za "shangazi yake yuko ndani ya Palma". Hana shangazi Palma. Tunamjua.

#14 Fundi Ungo

Tena nikwambie Mzalendo, anayetaka kuona ya kule ameshaona, kwa kadi ya shemeji. Asiyeona ni maskini.

#15 Mbeba Boksi

Wakuu, mimi mtoto wa Masasi, niko Belfast, Ireland ya Kaskazini, nafanya kazi jikoni hotelini. Nimeusoma uzi huu wakati wa mapumziko nikasema hiki kitu mbona hapa kipo, tena nakitumia.

Hapa ni sehemu ya Uingereza, lakini mpaka wa Jamhuri ya Ireland uko hapo karibu, na watu wengi hapa ndugu zao na mioyo yao iko upande wa pili. Kama Wamakonde tu. Miaka mingi walikuwa wanaiba mawimbi ya RTÉ, televisheni ya taifa ya Ireland, kwa antena ndefu juu ya paa. Ukiona paa lina antena imegeukia kusini unajua mwenye nyumba ni wa upande gani. Wazee hapa jikoni ndivyo wanavyosimulia, wakicheka.

Mwaka 1998 walipoandika mkataba wa amani wa kumaliza machafuko, humo ndani kuna kipengele cha televisheni. Siyo utani. Serikali ya Uingereza iliahidi kushughulikia upatikanaji wa chaneli ya lugha ya Kiairishi, sasa inaitwa TG4, kwa watu wa Kaskazini. Februari 2010 serikali mbili zikatia saini makubaliano. Tarehe 24 Oktoba 2012 analojia ilizimwa pande zote mbili siku moja, na siku hiyo minara mitatu ya Kaskazini ikaanza kurusha RTÉ One, RTÉ Two na TG4 bure, ikiwa ndani ya nchi isiyo yao. Jirani alipewa nafasi kwenye minara ya hapa.

Na viwango vyao vilikuwa vinatofautiana! Ireland walitumia DVB-T ya kawaida, hapa ikabidi ile minara mitatu irushe kwa T2. Sisi Tanzania na Msumbiji wote ni T2. Injinia kasema kweli, sehemu hiyo ya kazi kwetu imeshafanyika.

#16 Chikongola Boy

Mbeba Boksi nitumie hela ya antena basi.

#17 Mbeba Boksi

Nimelipwa Ijumaa leo Jumanne, hela hamna.

#18 Injinia Bandari

Huo mfano ni dhahabu, na naomba tuushike sehemu moja: minara ya hapa. Mjadala ulikuwa unakwenda upande wa Msumbiji kutumwagia mawimbi kutoka ng'ambo. Hiyo ni bahati nasibu, Newala watapata, Mtwara mjini watakosa, Msimbati watapata ikipenda bahari. Dawa ni maudhui yao kuwekwa ndani ya minara iliyopo huku. Mrusha matangazo wa dijitali anabeba chaneli nyingi kwenye namba moja, kuongeza moja ya ubora wa kawaida ni sehemu ndogo ya nafasi. Inahitajika barua mbili za wasimamizi wa mawasiliano: TCRA kwa upande wetu, INCM kwa upande wao. Na ishara ya TVM ifikishwe mnarani, kwa dishi au kwa mkongo.

Kuna waliowahi kuniuliza pembeni, "si tufunge wenyewe kijimnara cha kurudia mawimbi pale Newala?" Msithubutu. Kupokea mawimbi ya wazi kwa antena yako hakuna anayekukamata. Kurusha bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010.

Kitakachosumbua kweli ni haki za matangazo. Mpira na sinema vinauzwa kwa nchi. TVM ikinunua haki ya kuonyesha mashindano ndani ya Msumbiji, haijanunua ya Mtwara. Aliyenunua ya Tanzania atapiga kelele, na atakuwa na haki. Hapo inabidi kuziba hicho kipindi kwenye minara ya huku, watu waone kibao cha "kipindi hiki hakiruhusiwi". Mnakumbuka 2018, TCRA ilipoziambia kampuni za ving'amuzi vya kulipia ziondoe chaneli za ndani za bure? Ilikuwa ni vita ya nani ana leseni ya kubeba nini, na zile zilikuwa chaneli zetu wenyewe. Kwa ya jirani maneno yatakuwa mengi zaidi.

Ndiyo maana namsifu mleta mada kwa kuanza na habari. Taarifa ya habari, hali ya hewa, matangazo ya dharura, hivyo havina mwenye haki wa kukuziba.

#19 Mpalma

Basi wazibe mpira. Mpira tunao wa Azam.

#20 Mdau wa Mangaka

Wakuu na sisi wa Nanyumbu msitusahau. Daraja la Umoja pale Mtambaswala limefunguliwa 2010, mita 720, marais wawili walikata utepe, magari yanavuka. Ukisimama katikati ya daraja simu inakukaribisha Msumbiji, inakurudisha Tanzania, inakukaribisha tena, salio linaisha kwa kukaribishwa. Mtandao wa simu umevuka, lori limevuka, korosho nazo zimevuka (hapo nanyamaza). Picha tu ndiyo imegoma.

Kuna mtu anauza televisheni ya T2 iliyotumika? Inchi 24 inanitosha.

#21 Fundi Ungo

Mdau njoo dukani, usiulizie humu watakuuzia kioo kilichopasuka.

#22 Kilambo Juu

Wakuu, mrejesho.

Jumamosi nilifunga safari na Fundi Ungo mpaka Newala. Gharama nimebeba mimi, chakula kabeba yeye, na alikula cha watu wawili. Tulikuwa na televisheni ya inchi 19 yenye T2, betri ya pikipiki na kibadilisha umeme, antena ya vijiti kumi na moja, na mwanzi kwa sababu bomba halikuenea kwenye basi.

Tukafika ukingoni mchana. Mnaolijua Shimo la Mungu mnajua, nchi inaishia miguuni mwako, chini kule Ruvuma inaonekana kama uzi, na ng'ambo kuna mstari wa bluu. Fundi akasema "Mueda ile". Watoto wakajaa. Wakauliza kama tunapima madini.

Tukaanza 21. Hakuna. 22, hakuna. Tulikwenda hivyo namba moja moja, fundi anazungusha mwanzi kidole kwa kidole, mimi nasoma kioo nimefunikwa shuka kichwani kwa sababu ya jua. Namba moja ya thelathini na kitu, sitaitaja mpaka tuhakikishe, mstari wa nguvu ukapanda mpaka 58. Ubora sifuri. Nikapiga kelele, watoto nao wakapiga kelele bila kujua sababu. Tukahangaika nusu saa, 58 na sifuri, 58 na sifuri.

Fundi akakaa chini, akavuta pumzi, akasema "hawa vijiti vyao vimesimama". Sikumwelewa. Akafungua nati, akaigeuza antena ubavu, vijiti vilivyokuwa vimelala vikasimama wima. Ubora ukaruka mpaka 30. Ukashuka 12, ukapanda 34. Nikabonyeza kutafuta. Kile kijimstari kikajaa taratibu, na kwenye orodha ikaandikwa chaneli. Herufi tatu: TVM.

Nikaichagua. Kioo cheusi. Upepo ulikuwa unautikisa mwanzi, ubora unakwenda 34, 9, 28, 0. Tukamweka mtoto mkubwa aushike, akaushika kwa moyo wote, ukatikisika zaidi. Saa kumi na moja betri ikalala.

Nilimpigia mama palepale. Nikamwambia mama, tumepata jina. Akasema, "Jina tu?" Nikamwambia jina tu. Akauliza mbona sikuondoka na lile bomba la kuanikia nguo.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo tunarudi. Betri ya gari tumepata. Tunachotafuta ni bomba la chuma, mita sita, inchi moja na nusu, na mtu mwenye gari la kulibeba kutoka Mtwara, hata la mizigo. Mwenye nalo aniandikie pembeni.

#23 Mzee wa Nachingwea

Ule mwembe wa mwalimu bado upo. Niulizeni niwaelekeze.